Samaki Uliowaanika Germantown

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini mdomo umeshazoea kuanza hivyo.

Nimekwenda Norwei, mama. Usicheke. Mimi ninayevaa koti tangu mwezi wa tisa, nimefika kaskazini ya mwisho kabisa, kwenye kijiji cha wavuvi chenye theluji milimani na vijumba vyekundu vilivyosimama juu ya maji. Ni Nasra, mjukuu wako, aliyekiona kwenye simu akaniganda tangu Januari. Shule zilipofunga mwezi wa nne, tukaondoka.

Pazuri, sikufichi. Milima imechomoza moja kwa moja kutoka baharini, utadhani mtu kaichonga. Lakini mie macho yaliishia kwenye samaki. Wametundikwa kila mahali, mama, wawili wawili wamefungwa mikia, kwenye vichanja vya miti virefu kuliko nyumba: pembeni ya njia, nyuma ya kanisa, mpaka karibu na dirisha la chumba tulicholala. Na harufu ile ile! Watalii wamefunga safari kutoka nchi za mbali, wanawapiga picha. Nasra akavuta pumzi, akasema kwa Kiingereza chake, "Mama, pananukia kama chumbani kwa Bibi." Alisema kwa furaha.

Nikamuuliza bibi mmoja wa pale, aliyekuwa akiwakagua samaki, kama majirani hawalalamiki. Akanishangaa. "Walalamike nini? Majirani ndio wenye samaki."

Wallahi nilikuona pale pale, barazani nyuma ya nyumba yetu Germantown, huku Marekani, umejifunga kanga kiunoni, unapasua samaki wa duka la Wakorea, unawatia chumvi, unawaanika kwenye kamba uliyoifunga mwenyewe. Ng'onda, katikati ya nyumba za safu zilizopakwa rangi moja! Ulikuwa umebakiza wiki tatu urudi Unguja. Mimi natoka kazini, saa nzima na nusu kwenye foleni ya magari, nakuta barua ya kamati ya mtaa imebandikwa mlangoni: harufu, nzi, samaki waondolewe leo leo. Sikukuuliza neno. Nilichukua mfuko mweusi nikawatia wote, na wewe umesimama, kisu mkononi.

"Bado hawajakauka, mwanangu. Nakuwekea wewe, nikiondoka upate cha kupikia."

"Mama, unanitia aibu! Hapa si kwetu!"

Ulinawa mikono, ukaingia ndani. Wiki zile tatu hukugusa tena jiko langu. Ulikula nilichokupa, ukasema ahsante kama mgeni. Hiyo ahsante yako ndiyo inayoniuma mpaka leo. Mama gani anamshukuru mwanawe kwa sahani ya wali? Na kwa kiburi changu nikajiambia, ah, anaiwaza safari tu.

Kule Norwei nilimsimulia Nasra yote. Akaniuliza, "Ulimwomba radhi?" Nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya mtoto, mama.

Ukweli tunaujua mimi na wewe. Siku uliyokuwa uingie kwenye operesheni huko Unguja ulinipigia simu tuagane, kama tunavyoagana sisi mtu asipojua kama atarudi. Nilikuwa garini. Ukasema taratibu, "Mwanangu, niwie radhi kwa yale ya samaki. Sikujua kama nakuaibisha."

Radhi ile ilikuwa yangu mimi kuiomba. Nilikuwa nayo ulimini. Lakini taa ikawaka kijani, wa nyuma yangu akapiga honi, nami nikakujibu mbio mbio: "Yameshapita, mama. Nimekusamehe."

Hukutoka tena hospitali.

Nimekusamehe! Mimi, nikusamehe wewe!

Pumzika, mama. Niwie radhi.

Kitindamimba wako