Ukifika kwa Kidawa

Berea,
Johannesburg.
24 Juni 2025

Kaka yangu mpendwa Luqman,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limepata nafuu. Wifi Zaituni na watoto hawajambo? Sisi ni wazima, alhamdulillahi, ila baridi imetushika kwelikweli. Maji ya bomba asubuhi yanauma meno.

Eda yangu imebakiza siku kumi na sita. Kaka, hakuna aliyeniambia kwamba kukaa tu ndani ni kazi ngumu hivi. Mimi niliyezoea kufungua meza yangu ya vitenge mjini kabla jua halijatoka, sasa nahamisha kabati ukuta huu hadi ule, kesho yake nalirudisha. Nasimama dirishani, naona magari yamesimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, najikuta nayahimiza yaende. Meza anaisimamia Clémentine, jirani yangu Mkongo. Ni mwaminifu, lakini anampunguzia bei kila anayemwita mama!

Nimesikia umekipaka rangi chumba cha uani kwa ajili yangu, na umeshawatangazia ndugu kwamba eda ikiisha narudi moja kwa moja. Sikufichi, nimelia. Kuna siku natamani kuondoka na hii kanga niliyojifunga tu. Kuna siku nakasirika kwamba hukuniuliza. Binti yangu Bushra nilipomwambia tunarudi nyumbani alinijibu, "Eish, Mama, wewe ndiyo unarudi. Mimi nitakuwa naenda." Na marehemu mume wangu Bakiri je, kaburi lake nimwachie nani?

Nilipofika mwaka tisini na saba, jengo hili halikuwa na mwanamke wa Tanga hata mmoja. Usiku wa kwanza nililala nimekaa juu ya begi, kwa kuwa sikuwa na jina la mtu wa kumwendea. Ndiyo maana kila aliyenifuata nilimtandikia mkeka sebuleni mpaka apate chumba chake.

Sasa sikiliza. Juzi mchana mlango uligongwa. Ni binti yake Mahmoud, jirani yako, mtoto mgongoni, ametoka stendi moja kwa moja. Akanipa karatasi: jina langu, namba ya mlango, na chini yake, "Ukifika kwa Kidawa umefika." Mwandiko wako naujua, kaka. Umeyaandika hayo mwezi huu huu, mikono ingali na rangi ya chumba changu! Nilicheka mpaka nikakumbuka niko edani.

Nimemtandikia mkeka. Nitakuja kuwasalimu, inshallah, nilale mwezi mzima katika chumba hicho, kisha nitarudi huku. Usikasirike. Nilikuwa sijui niende wapi, na wewe ndiye uliyeniandikia kwenye karatasi ile kwangu ni wapi.

Msalimie sana wifi, na shangazi Mwanaisha mbusie mikono. Clémentine anakusalimu bila kukujua. Mungu akuweke, akupe goti la kuchezea harusi za wajukuu.

Mimi mdogo wako nikupendaye hata nikikukaidi,

Kidawa

Mwambie Mahmoud binti yake amefika.