Hodi ya Tatu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Assalaam alaykum, daftari langu. U mzima? Mie alhamdulillahi, ila moyo hautulii.

Leo nimewapeleka msitu wa Ngezi watafiti wawili kutoka Unguja, Fahmi na Laila. Wanatafuta dawa mpya kwenye majani. Nikawaonyesha mti wa marehemu mama, aliotibia vidonda. Mama alinifunza: piga hodi mara tatu, ungoje jani lidondoke lenyewe. Ndiyo ruhusa. Lisipodondoka, rudi. "Ukichukua hujapewa, mwenyewe mti naye atakuja kwako kuchukua. Lakini naye hupiga hodi kwanza."

Nikapiga ya kwanza. Ya pili. Laila akacheka – "Bi Mize, mbona hawafungui? Au wamekwenda sokoni?" Nikaona haya. Ya tatu nikaimeza. Tukakata matawi mfuko mzima! Fungu moja wameniachia, nimelitundika kambani ukumbini likauke.

Jumamosi, 4 Oktoba

Fahmi kapiga simu, furaha tupu! Maji ya majani yale yameua vijidudu vilivyoshinda dawa za hospitali. Kitu kilichomo hakijaandikwa popote. Sasa wanataka mizizi. Mti ni mmoja tu, nikamwambia. Kasema nitaokoa watu wengi. Kweli – lakini si wangu kuutoa.

Fungu la ukumbini halijakauka. Karibu wiki nne! Bichi kama jana.

Jumapili, 5 Oktoba

Adhuhuri, ndiyo kwanza natoa salamu ya sala – hodi mlangoni. Moja. Mtu wa kwetu angetoa salamu; huyu hodi tupu. Nikafungua. Hakuna mtu. Mchanga nilioufagia hauna hata wayo. Nikasoma Ayatul Kursi.

Shamima, mke wa mwanangu, kauliza nani. Nikasema upepo. Mungu anisamehe. Mimba ya miezi minane ile, nimtie hofu ya nini?

Jumatatu, 6 Oktoba

Mizizi nimekataa. Fahmi kanuna. Kesho asubuhi nayarudisha majani kwa mwenyewe, nimtake radhi.

Adhuhuri tena. Mlango nimeutia komeo.

Hodi – sasa hivi, naandika. Ya pili hii. Mie niliishia mbili, huenda naye ataishia hapo. Daftari langu, nijibu upesi: niitike au ninyamaze?

Ya tatu.

Nimenyamaza. Lakini Shamima, kule jikoni, na sauti yake ile ya ukarimu – "Karibu! Ingia tu, tumo!"

Kambani jani moja limedondoka.