Viatu vya Juu ya Kabati

Usiku wa Krismasi, 1994

Mimi ndiye niliyemfinya mwanangu, tena kanisani.

Watoto walipoitwa mbele kuimba, Nekesa wangu alibaki ameketi. Nikaona ananiaibisha. "Simama kama wenzako!" Akaenda, akaimba huku analia. Nikasema ni kiburi.

Jioni nikamvua viatu. Soksi imegandia kidole kwa damu.

Nilivinunua soko la Gikomba mwezi wa nane, nikavificha juu ya kabati, maana kwetu kiatu kipya hakivaliwi kabla ya Krismasi. Mguu wa mtoto nao haukuningoja. Na leo asubuhi, kwa haraka ya kusukuma chapati, sikumjaribisha hata.

"Mbona hukusema vinakubana?"

"Ungempa Naliaka."

Kweli ningempa. Kila kitu chake huishia kwa huyo mdogo wake.

Nikamwekea miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Akamwita Naliaka mwenyewe, akamvalisha viatu. Vikamtosha. Nikavichukua nivirudishe juu ya kabati.

"Mama, wacha avivae kesho," Nekesa akasema. "Asingoje Krismasi ingine."