Tatu Yangu Yenye Mkia

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, mume wa dada yangu, amekabidhiwa kuendesha gari jipya la Bosi wetu wa karakana ya vibao vya barabarani. Sasa hashikiki! Lina kamera nyuma ya kioo cha mbele, inasoma vibao vya mwendo na kuonyesha namba kwenye dashibodi. Leo kanipigia honi langoni. Eti, "Shemeji, gari langu nalo limemaliza kidato cha nne!" Halafu akasema limepita pale shuleni, likasoma themanini.

Themanini! Kibao kile ni thelathini. Nimekichora kwa mkono wangu. Nikamwambia alinunulie miwani.

Jumanne, 5 Machi
Nimehakiki. Yeye usukani, mimi daftari. Tumepita shuleni mara sita: themanini mara tano, mara moja kimya. Shemeji kasoma kitabu cha gari chote, mtu ambaye hata barua hamalizi. Anasema kamera hutafuta kwanza duara jekundu, kisha hulinganisha namba iliyomo na mifano iliyofundishwa. Haijui shule, haijui watoto. Inajua umbo tu.

Nikashuka kuitazama tatu yangu. Ncha zake zimejikunja ndani, ya chini ndefu kama mkia, karibu ziguse kiuno. Mwalimu wangu wa sanaa aliusifu sana mkia ule. Ila kutoka mbali...

Hapana. Nalala.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji hana kifua! Kamwambia Bosi. Ijumaa tutavizungukia vibao vyangu vyote saba vya thelathini. Kimoja kikisomwa vibaya, vyote vinang'olewa, vinaletwa vya mashine, nami nahamia kupaka chokaa kingo za barabara. Nikasema watu wamevisoma miaka kumi na tisa bila shida. Bosi akajibu kwa upole kwamba siku hizi watu wanasoma dashibodi.

Mgeni akiiamini themanini pale getini, watoto wakitoka...

Alhamisi, 7 Machi
Ngazi, brashi mbili, rangi nyeusi na nyeupe. Shemeji kaomba msamaha kwa kunishikia ngazi, ila mdomo haukupumzika. "Kinyozi, ukimaliza huko nami nipunguzie kidogo pembeni."

Mikia sita imekatwa. Tatu zimebaki wazi, kavu kama askari wa zamu.

Cha saba ni cha shuleni. Kibao changu cha kwanza maishani. Nikapanda. Nikashuka. Nikasema jua kali.

Kulikuwa na mawingu.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika nikiwa kiti cha nyuma. Vibao sita, thelathini sita! Bosi akaanza kunisifu. Shemeji ananichungulia kwenye kioo — anajua. Ilipobaki kona moja nikasema, "Simama." Nikakiri: kimoja nimekiacha makusudi, sitaki gari liniumbue.

Bosi kashuka. Amesimama chini ya kibao, anaufuata mkia kwa kidole hewani, taratibu, mpaka ncha. Karudia tena. Kengele imelia, watoto wanamiminika nje. Sasa amegeuka, anauliza kama nimebeba rangi.

Kopo liko miguuni pangu tangu asubuhi.

"Shuka basi, Shemeji, au nikaukate mwenyewe?" anatania dereva wetu.

Huyu! Hata mstari hajui kuupiga. Kifuniko kimeganda. Nimemwomba bisibisi, anaitafuta huku anacheka, na Bosi kashaanza kuwasimamisha watoto kando ili nipite na kopo. Bisibisi hiyo, nashuka —