Mtoto Wangu Si Ngao

Kabambare, Jumatatu usiku

Nimesema hapana.

Kesho sisi wamama wa soko hatuuzi. Tutakwenda mbele ya ofisi ya serikali kukataa kodi mpya ya meza, ile iliyoamriwa Kinshasa na watu ambao hawajaliona hata siku moja soko letu lisilo na paa. Babu alikimbilia porini kwa sababu ya kodi ya Wabelgiji. Sisi tutakimbilia wapi?

Jioni Mama Sifa, mkubwa wetu wa soko, alinishika bega. “Mama Asha, kesho utatembea mbele. Uko na mutoto mugongoni, askari hatakupiga. Naye alizaliwa na mama.”

“Yule?” akadakia muuza mawese. “Yule hakuzaliwa. Alitumwa na Kinshasa pamoja na kodi!”

Wote walicheka. Mimi nilisikia pumzi ya Asha shingoni, nikashindwa kucheka.

“Nitatembea mbele, mama,” nikasema. “Lakini Asha hatoki nyumbani.”

Mama Sifa aliniachia bega, akaenda zake. Labda amekasirika, labda…

Naogopa. Naogopa risasi, na naogopa baba Asha, kule Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, asije akapata habari yangu mbaya kutoka kwa watu wa pikipiki waendao huko. Na Asha bado ananyonya.

Nimemwonyesha mama yangu, atakayebaki na Asha, namna mtoto anavyopenda uji wake, mwepesi, wa vuguvugu. Alisikiliza yote. Hakuniuliza nitarudi saa ngapi.