Gari la Baba Chini ya Turubai

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote, wewe na wifi yangu na wale watoto wawili ambao mpaka leo nawajua kwa sauti za simu tu. Natumaini mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi huku wazima, ukiondoa goti la mama na kikohozi cha baba, na hivyo viwili tumeshavizoea, vimekuwa kama wapangaji wasiotaka kuhama.

Najua utashangaa kupata barua wakati Jumapili tu tuliongea kwenye simu. Sababu utaiona huko mbele, ila tafadhali usirukie mwisho. Nakujua wewe, hata vitabu vya shule ulikuwa unaanzia ukurasa wa mwisho. Kaa, kunywa maji, uniache nikueleze habari za gari.

Gari la baba limekaribia kuwaka. Ndiyo, lile lile. Limekaa miaka ishirini na sita chini ya turubai nyuma ya nyumba, mama akianika mataulo juu yake na kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Sikukuambia kwa sababu kila nikilitaja unabadilisha mazungumzo, unaniuliza kama mvua imenyesha. Sikulaumu. Gari hilo ndilo lililokutoa nyumbani, na tangu siku ile wewe na baba mnasalimiana kupitia kwangu. Yeye husema mwambie hujambo, na wewe husema mwambie sijambo, basi. Nimechoka kuwa karani wenu, kaka. Ndiyo maana mwaka juzi nilikata shauri kwamba gari hili litatengenezwa hata kama nitalisukuma kwa kichwa.

Baba nilimwambia nataka kumfurahisha uzeeni. Alinitazama juu ya ile miwani yake ya kutengenezea saa, akasema nifanye nitakavyo ila yeye hamo. Kisha akairudia saa ya mtu aliyokuwa ameifungua mezani. Dukani amestaafu, lakini watu bado wanamletea saa zao nyumbani, na mikono inatetemeka mpaka anapogusa kitu kidogo, hapo inatulia yenyewe.

Nikatafuta fundi. Nimempata mzee mmoja tunayemwita Taratibu, maana hilo ndilo jibu lake la kila swali. Ukimuuliza injini itatoka lini, taratibu. Ukimuuliza kama amekula, taratibu. Siku ya kwanza alilizunguka gari mara tatu, akagonga gonga milango kwa kidole, akachungulia chini, akaniambia kwamba kutu imeshikana mikono na kwamba ikiachia tu gari litaanguka. Nikadhani anatania. Tulipong'oa kapeti ya mbele niliona majani yamechipua chini ya pedeli ya klachi.

Sitaki kukuchosha na yote, lakini lazima ujue tulivyohangaika. Milango miwili tuliyotafutiwa ilipofika ilikuwa yote ya upande mmoja. Kabureta tuliipata kwa mtu aliyekuwa akiitumia kuzuilia mlango wa duka lake, na tulipoichukua akalalamika kwamba sasa mlango unapigwa na upepo, ikabidi fundi amchongee kigingi. Rangi ndiyo ilitaka kuvunja nyumba. Baba, ambaye hayumo, alisema gari lilikuwa rangi ya maziwa. Mama akasema lilikuwa rangi ya samli na kwamba baba tangu ujana haoni rangi. Walinuniana siku mbili. Mpaka Taratibu alipobandua mpira wa mlango na kukuta chini yake rangi ya zamani, safi kama ilivyotoka kiwandani, na ilikuwa kijani hafifu sana ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekikumbuka. Mama alicheka mpaka akashika goti.

Na mama naye alitufanyia lake. Taratibu huweka boliti na nati za kila sehemu kwenye kopo lake, na juu ya kopo anaandika zimetoka wapi. Makopo ishirini na moja yalipangwa ukutani. Mama akayaona, akasema makopo mazuri namna hii yanakaa na takataka, akamwaga boliti zote kwenye ndoo moja na kwenye makopo akapanda miche ya nyanya. Fundi alipoona alikaa chini. Hata taratibu hakusema. Tulikaa wiki tatu na ile ndoo, mimi, yeye na mama mwenyewe, tukijaribu boliti moja moja kwenye kila tundu. Kuna boliti nne mpaka leo hatujui kwao ni wapi. Taratibu anasema gari likitembea bila hizo, basi hazikuwa na kazi. Miche nayo imezaa vizuri.

Baba aliendelea kutokuwemo. Lakini siku moja nilikuta saa ya kwenye dashibodi haipo. Kumbe ameing'oa, ameipeleka mezani kwake chini ya taa. Ilimchukua miezi minne. Akairudisha mahali pake, akaiunganisha na betri ya zamani ya redio, ikaanza kwenda. Kwa hiyo kwa muda mrefu tulikuwa na gari lisilo na injini, lisilo na matairi, liko juu ya matofali, lakini linakuambia saa kamili. Baada ya hapo akawa anakuja kila alasiri kukaa ndani, upande wa abiria. Upande wa dereva hakukaa hata siku moja.

Hili la kiti cha dereva lisikilize vizuri. Fundi wa viti alipokuja kushona upya alikuta kimegandia kwenye reli zake, kimesukumwa nyuma kabisa. Akauliza kama dereva wa mwisho alikuwa twiga. Nilijua ni wewe na hiyo miguu yako. Baba, unavyomjua alivyo mfupi, akikaa pale hafikii hata breki. Fundi akamimina mafuta, akagonga, kikaachia, akaanza kukivuta mbele. Baba alitoka ndani ya nyumba bila viatu. Alimwambia yule fundi akirudishe kilipokuwa, sasa hivi, na asikiguse tena. Miaka ishirini na sita, kaka, na angeweza kukivuta siku yoyote. Nilikwenda jikoni nikajitia kuosha vyombo.

Sasa nimefika nilipokuwa napaogopa.

Mwezi uliopita Taratibu alifungua tumbo la injini. Wewe unajua kilichosemwa siku ile. Baba alisema umelikimbiza gari lake mpaka ukaliua. Wewe ukaapa kwamba ulikwenda polepole, kwamba lilikatika lenyewe pale kwenye kilima, na yeye akakuita mwongo mbele ya majirani. Hukuondoka kwa sababu ya gari. Uliondoka kwa sababu ya neno hilo. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama nyuma ya mlango, nalikumbuka mpaka leo.

Taratibu alituita, mimi na baba, akatuonyesha. Ndani, mahali ambapo panatakiwa oili tu, kulikuwa na utope mweupe uliokauka kama uji wa jana, na vyuma vya katikati vimeliwa na kutu. Akasema injini hii haikufa kwa mwendo. Ilikunywa maji. Akaitafuta gasketi, kile kizibo bapa kinachotenganisha maji na oili, akitegemea kukuta imepasuka, maana maji hupitia hapo, akaigeuza geuza kwenye mwanga. Gasketi ilikuwa nzima. Akasema basi yaliingia kwa juu, mtu aliyamimina, lakini nani anaweza kumimina maji mahali pa oili?

Mimi, kaka.

Unakumbuka baba alivyokuwa akifungua boneti kila asubuhi na jagi la bluu, anasema gari lisianze siku na kiu? Siku ile alikuwa na homa. Nikataka kumsaidia. Nilipanda juu ya ndoo, nikajaribu kifuniko cha redieta, kikanishinda nguvu. Kilikuwepo kingine pale juu ya injini, hicho kikafunguka vizuri. Nikamimina jagi moja, halikujaa. Nikamimina la pili, na la tatu. Nilifurahi sana nilivyoona lina kiu namna ile. Nikafunga, nikafuta mikono, nikakaa kusubiri baba apone nimwambie. Mchana wewe ukachukua ufunguo.

Mtoto wa miaka tisa hakujua, na hilo najisamehe. Lakini nilipofika miaka ishirini na miwili nilikwenda kujifunza kuendesha. Mwalimu alifungua boneti, akanyoosha kidole, akasema hapa maji, hapa oili, ukichanganya umeua. Nikakaa chini palepale barabarani, akadhani ni jua. Tangu siku hiyo nimejua. Miaka kumi na mitatu, kaka. Nimekupigia simu kila Jumapili, nimekusikia ukiniuliza kwa sauti ya chini kama mzee bado ana hasira, na nimekujibu kwamba itaisha tu. Nilikuwa na dawa mfukoni na nikawaacha mkiumwa.

Niseme yote. Hata kulitengeneza gari, nia yangu haikuwa safi. Nilitumaini likiwaka, yule uliyeambiwa umemuua akinguruma tena, basi na lile neno litajifuta, na mimi sitahitaji kusema chochote. Uoga unaweza kufanya kazi nyingi sana, umenipigisha msasa miaka miwili.

Lakini pale mbele ya injini nilimwona baba. Alikaa juu ya tairi, akawa anarudia rudia kwamba mtoto alimwambia ukweli, mtoto alimwambia ukweli. Alionekana mdogo kama mtoto. Nikapiga moyo konde nikamwambia yote, kuanzia jagi mpaka mwalimu wa gari. Taratibu akakumbuka kwamba ana spana ameiacha barabarani, akaondoka.

Baba akaniuliza majagi mangapi. Nikasema matatu. Akatikisa kichwa, akasema basi kweli ulilipenda gari lile. Hapo nikalia, na yeye akalia, na mama akaja na mwiko mkononi akatukuta tunalia juu ya matairi, akauliza nani amekufa.

Baadaye, machozi yalipokauka, aliniambia kwamba la jagi ni la mtoto, na la kunyamaza ni langu, nitakujibu wewe mwenyewe. Lakini lile neno ni lake, na hamwachii mtu mwingine alibebe. Siku nne alikaa mezani kwake, akasukuma saa za watu pembeni, akaandika, akachana, akaandika, akachana. Mkono ule unaotulia kwenye saa ulikataa kutulia kwenye karatasi. Mwishowe akaniambia niandike mimi, nimwachie nafasi chini.

Kwa hiyo nakuomba radhi, kaka yangu. Usinisamehe haraka haraka kwa sababu mimi ni mdogo wako. Kasirika kwanza, unayo haki, hata Jumapili usiposhika simu nitaelewa. Ila usimwadhibu yeye kwa kosa langu. Macho yake yamefifia, kuendesha hawezi tena. Vyuma vilivyoliwa vimebadilishwa, injini imeshapanda, rangi imekauka, na Taratibu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ana haraka ya kuliwasha. Lakini ufunguo ameuchukua baba. Yuko nao kwenye mfuko wa shati, analala nao, na hataki kusikia habari ya mtu yeyote kugeuza ufunguo huo mpaka aje anayehusika. Mimi nimepigwa marufuku kukaribia boneti na chombo chochote chenye maji.

Mama anakusalimu sana, anasema nyanya ni nyingi. Msalimie wifi, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Waambie kiti cha nyuma ni kipya na kuku wamehamishwa.

Ni mimi mdogo wako mwenye aibu na mapenzi,
Kiduchu

Yanayofuata ni mwandiko wake mwenyewe. Mama amesoma, anasema yanasomeka.

Mwanangu, ulisema kweli. Kiti chako sijakisogeza. Njoo. Baba.