Kijiko cha Damu Nilichokukataza Kutoa

Kemunto,

Ulikuwa mtu mzima, mwalimu, mama wa watoto watatu. Mbona ulinisikiliza? Mambo mengine yote ulibishana na mimi mpaka majirani wakasikia. Nikisema majani chai yachumwe Jumatatu, wewe ni Jumanne. Hili moja tu, la damu, ndilo ukaona unitii. Nimekukasirikia, hata huko uliko.

Naandika kwa hiki Kiswahili changu cha ngumbaru ulichokuwa unakicheka. Cheka tu. Aibu ni yangu, sitaki mtu aniandikie.

Siku ile kabla hujafungwa kwa mashine ya figo, sista alikuja na kichupa. Anataka damu apime madini ya chuma. Nikasimama mbele ya kiti chako na mkoba wangu. "Mtoto ameisha damu mpaka viganja vimekuwa vyeupe, na nyinyi bado mnachota? Ile ya mwezi uliopita iko wapi? Mliuza?" Wagonjwa wengine wakacheka. Nikajiona nimeshinda. Wewe ukasema polepole, "Sista, wacha tu. Mama akikataa amekataa."

Nikarudi nyumbani Gesima nikakupikia mboga ya chinsaga, nikailaza kwa maziwa siku tatu, vile nilikupikia kila ulipojifungua. Hapa kwetu kila mzazi amerudishiwa damu na hiyo mboga, sasa sista ataniambia nini? Ulikula vijiko viwili ukasema imetosha. Kutoka mlangoni mpaka chooni ulipumzika mara mbili. Nilikuwa naona, Kemunto. Nilikuwa naona, halafu naongeza sahani.

Mwezi uliofuata ulikataa kupimwa wewe mwenyewe, bila mimi kufungua mdomo. Halafu moyo ukachoka.

Daktari hakusema ni mimi. Na mimi sikumuuliza.

Sasa kaka yako Onsongo amekaa kwa mashine hizo hizo. Presha imemmaliza figo pia. Naye amekataa kupimwa. "Mama, si wewe ulimfundisha yule sista adabu?" Anaisimulia hadithi hiyo kila Sabato tukitoka kanisani, watu wanacheka, wananisifu. Nilinyamaza. Mimi, kunyamaza!

Wiki jana nikaenda peke yangu kwa yule sista. Nilidhani atanifukuza. Akaniita bibi kwa lugha yetu, "Magokoro, keti." Akanieleza kwamba ile sindano mnadungwa nyinyi wa mashine inaamuru mwili utengeneze damu. Lakini chuma kikikosekana, ni kama kumwamuru mtu asonge ugali bila unga. Kwa hivyo wanapima chuma kilicho ghalani mwilini, na kile kinachotembea kwenye damu. Kikipungua, wanakipitisha kwa mshipa, maana cha kumeza mara nyingi hakiwatoshi watu wa mashine. Na chinsaga na maziwa, mgonjwa wa figo anapimiwa, hajaziwi sahani.

Nikamwambia anionyeshe kichupa. Ni kijiko, Kemunto. Kijiko cha chai. Kwa hicho nilisimama mbele ya watu na mkoba kama askari.

Nikamuuliza kama ungekuwa hai. Akaangalia chini. "Sijui, Magokoro. Lakini tungejua la kufanya."

Unajua mimi sijui kuomba msamaha. Babako alikufa akiungoja. Lakini nilikosa. Nilikuwa mjinga na nilikuwa na sauti kubwa. Nimeandika kwa wino na sifuti.

Watoto wako wanakula vizuri. Mdogo amenikataza kumfunga viatu, anabishana kama wewe. Namwacha abishane.

Lala, mtoto wangu. Jumanne nitaenda na Onsongo, nisimame pale pale niliposimama, niwaambie wagonjwa wote ile hadithi iliishia wapi. Nakuahidi. Wacheke wakitaka.

Na wewe Onsongo, najua utaisoma hii kabla sijaipeleka kaburini, macho yako hayatulii. Sista akija na kichupa, nyoosha mkono. Na usiniangalie mimi kwanza.